Mashine ya oksijeni imenipa 72.6 hapa Nakuru. Niiamini?

Mbio_za_Menengai | Jumatatu, saa 2:12 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu, niko Nakuru, umri 31, kilo 58. Kilomita 10 nakimbia kwa dakika 37 na sekunde kadhaa, siku mbaya 38.

Jumamosi kuna jamaa alikuja na mashine ya kubebwa, ile ya kufungwa maski usoni na kijisanduku mgongoni, akatupima kwenye kiwanja cha shule moja upande wa Lanet. Kila mtu elfu tatu. Mimi nimetoka na VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia kwa dakika, ya 72.6.

Nilifurahi mpaka nikampigia mama. Usiku ndio usingizi ukakata: mtu wa 72 anakimbiaje 10 kwa dakika 37? Huyo si angekuwa Ulaya saa hii? Wenye kuzijua hizi mashine naomba mnisaidie. Zinapima kweli ama ni za kutufurahisha?

SaaJanja_254 | saa 2:20 usiku

Saa yangu inasema 51 na haijanitoza elfu tatu 😂

Klipu_ya_Kidole | saa 2:26 usiku

Mimi nina ile klipu ya kubana kidole tangu wakati wa korona. Inasoma 97. Kwa hivyo nawashinda nyote?

Nyar_Kisumo | saa 2:51 usiku

Jamani, tutenganishe kwanza kabla hatujapotea. Nafanya kazi ya tiba ya viungo hapa Kisumu, na chuoni nilizishika hizi mashine miaka miwili.

Klipu ya kidole inasoma ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni. Mtu aliyekaa kwenye kochi akila mahindi choma anaweza kuwa na 97, na Kipchoge vilevile. Haina habari na kiasi unachotumia. Tena utafiti uliotoka Marekani 2020 ulionyesha kwamba klipu hizo huwakosa wagonjwa weusi wenye oksijeni ya chini mara nyingi kuliko weupe. Kwa hivyo hiyo 97 yako pia usiitegemee sana kaka.

Saa nayo inajua mapigo ya moyo na kasi yako kwa setilaiti. Inapiga hesabu: huyu kwa kasi hii moyo wake unadunda hivi, basi huenda ni 51. Ni kisio. Saa haijawahi kuonja hata pumzi yako moja.

Mashine ya maski ndiyo inayopima pumzi yenyewe. Inahesabu hewa unayotoa kwa dakika, halafu inaangalia oksijeni iliyobaki ndani yake. Hewa ya nje ina oksijeni asilimia 20.93 kama ni kavu, uwe Kisumu uwe Iten. Ikitoka kifuani mwako imebaki na 16 au 17. Tofauti ndiyo uliyotumia. Gawa kwa kilo zako, unapata mililita kwa kilo kwa dakika.

@Mbio_za_Menengai, 72.6 inawezekana kwa binadamu. Kwa dakika 37, sijui. Walikupa karatasi yote ama namba moja tu?

Kocha_Mstaafu | saa 3:15 usiku

Kijana, nimefundisha mbio tangu enzi za saa ya kubonyeza na filimbi, kwa hivyo niruhusu.

Kuna wanaume 16 walipimwa wakati Nike wanatafuta wa kujaribu marathoni chini ya saa mbili, ile iliyokimbiwa Monza 2017. Matokeo yalichapishwa 2021. Wastani wao ulikuwa 71.0. Hao ni watu ambao dunia nzima inawajua. Wewe na dakika zako 37 umewapita kwa pointi moja na nusu? Rudi ukalale.

Kitu kingine. Bengt Saltin na wenzake wa Skandinavia walikuja huku Bonde la Ufa kuwapima wakimbiaji wetu, wakachapisha 1995. Hawakukuta mapafu ya ajabu. VO2max zilikaribiana na za wazungu wao. Walichokuta ni kwamba vijana wetu wanatumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule. Vijana wa siku hizi wanafukuza namba kubwa kumbe siri iko kwenye namba ndogo.

Mbio_za_Menengai | saa 3:31 usiku

Asante Kocha, nimejiona nimevuliwa nguo hadharani 😅 Dada Nyar, karatasi ninayo. Kila hatua imeandikwa. Kwa kasi ya 14 kwa saa inasema 60.1. Mwisho kabisa: hewa lita 150 kwa dakika, oksijeni inayotoka 17.45, kaboni dioksidi 3.85, RER 1.12.

Mashine_Takataka | saa 3:40 usiku

Hizi za kubebwa zote ni takataka. Maabara au usipimwe. Nimemaliza.

Fundi_wa_Vipimo | Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Sijamaliza mimi. Natengeneza vifaa vya hospitali, Kisumu na Siaya, na hizi za maski zimepita mikononi mwangu kadhaa.

Kipimo mama cha kazi hii hakina hata betri. Ni gunia. Mwaka 1911 Claude Douglas wa Uingereza alitoa mfuko mkubwa: mtu anapumulia ndani, unafunga, unapima ujazo na gesi kwa utulivu. Mpaka leo mashine ya kisasa ikitiliwa shaka inapelekwa mbele ya lile gunia. Basi usidharau kitu kwa sababu kinabebwa, gunia lenyewe lilikuwa la kubebwa.

Zikisawazishwa vizuri, nyingi za sasa hukosea kwa asilimia chache. Shida ni hayo maneno mawili, "zikisawazishwa vizuri". Unatakiwa kuwa na sirinji ya lita 3 ya kupimia mtiririko, na mtungi wa gesi unaojulikana, mara nyingi oksijeni 16 na kaboni dioksidi 5. Sasa niambieni ni nani anayezunguka Lanet na mtungi kwenye bodaboda.

Mambo ninayokutana nayo:

Maski inavuja. Saizi moja kwa nyuso zote, ndevu, pua nyembamba. Hewa inapita pembeni.

Kifeni kidogo kinachohesabu pumzi kimeingia mate, kinazunguka kama mzee aliyeamshwa.

Kihisi cha oksijeni kimezeeka. Vile vya kikemikali vinajila vyenyewe hata vikikaa kabatini. Mwaka mmoja, miwili, kwisha.

Unyevu. Huku kwetu mchana wa nyuzi 30 na hewa nzito ya ziwa, mvuke unachukua nafasi. Unyevu ukiwa asilimia 70, oksijeni ya hewa ya nje inashuka hadi kama 20.2 kwa kihisi kisichokaushiwa hewa. Mashine ikidhani bado ni 20.93 tayari umeharibu kabla mtu hajakimbia.

Nadhani kwako ni maski, lakini acha nisikie wengine.

Nyar_Kisumo | saa 1:05 asubuhi

Fundi, kwa heshima, maski haiwezi. Ikivuja, pumzi nyingine haihesabiwi, namba INASHUKA. Yake imepanda.

Fundi_wa_Vipimo | saa 1:09 asubuhi

Kweli. Nimekubali, sijanywa chai bado.

Mwalimu_Fizikia_Kakamega | saa 1:30 asubuhi

Je, jua? Kijisanduku cheusi mgongoni saa sita mchana, vihisi vikapata joto vikaanza kuhama?

Nyar_Kisumo | saa 1:48 asubuhi

Nililifikiria hilo mwalimu. Ila oksijeni na kaboni dioksidi zinasomwa na vihisi viwili tofauti, cha kemia na cha mwanga wa infraredi. Kimoja kikihama peke yake, RER, yaani kaboni dioksidi unayotoa ukigawa kwa oksijeni unayotumia, ingechekesha. Ingekuwa 0.7 mtu anakata roho, au 1.5. Yake ni 1.12 mwisho wa mbio, ndivyo inavyotakiwa. Na 17.45 na 3.85 ni namba nzuri tu za mtu aliyejitoa.

Kwa hivyo gesi ziko sawa. Uwiano uko sawa. Lakini angalieni ile hatua ya 14 kwa saa: 60.1 kwa dakika, zidisha kwa 60 gawa kwa 14, ni kama 258 kwa kila kilomita. Wale 16 wa Kocha wastani wao ni 191. Mkimbiaji wa kawaida huwa karibu na 200. Mtu wa 258 ni lori la miwa linalopanda Timboroa. Haendi 10 kwa dakika 37.

Kuna kitu kimezidisha kila kitu kwa kiasi kilekile, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo siwazi gesi tena, nawaza ujazo.

Fundi_wa_Vipimo | saa 1:55 asubuhi

@Mbio_za_Menengai juu kabisa ya karatasi, kabla ya jina lako, kuna mstari wa hali ya hewa. Joto, unyevu, presha. Uandike hapa kama ulivyo.

Mbio_za_Menengai | saa 4:22 asubuhi

Samahani, nilikuwa kazini. Mstari unasema: joto 24, unyevu 48, presha 1016 hPa.

Fundi_wa_Vipimo | saa 4:23 asubuhi

😂😂😂😂

Fundi_wa_Vipimo | saa 4:25 asubuhi

Nakuru! 1016! Omera, huyo jamaa aliwapima mkiwa Mombasa.

Mbio_za_Menengai | saa 4:31 asubuhi

Naombeni nielezwe polepole, mimi nilisoma biashara.

Mwalimu_Fizikia_Kakamega | saa 5:10 asubuhi

Nina kipindi huru, nieleze.

Fikiria gorogoro. Mkebe ni uleule Nakuru na Mombasa, lakini ukichota hewa Nakuru, mita kama 1,850 juu ya bahari, punje ndani ya mkebe ni chache, kwa sababu hewa imekaa mbalimbali. Mashine inahesabu magorogoro: umetoa 150 kwa dakika. Mwili wako hauli magorogoro, unakula punje. Kwa hivyo mashine lazima ibadilishe ujazo kuwa kiasi cha kweli: hewa kavu, nyuzi sifuri, presha ya milimita 760 za zebaki, ili mtu wa Nakuru na wa Oslo walinganishwe. Kubadilisha huko kunahitaji presha ya pale ulipo.

Presha ya Nakuru ni kama 810 hPa, yaani milimita 607 za zebaki. Kisumu ni kama 885, yaani 664. Iten, karibu mita 2,400, ni 567 hivi. Hiyo 1016 ni 762. Hakuna mahali Nakuru penye 762, hata ukichimba ndani ya Menengai.

Sasa hesabu. Ondoa 47, ambayo ni presha ya mvuke wa pumzi kwenye joto la mwili.

Kwa presha ya uongo: 762 toa 47 ni 715. Lita zako 150, zikishushwa pia kutoka joto la mwili hadi nyuzi sifuri, zinageuka kama 124.3.
Kwa presha ya kweli: 607 toa 47 ni 560. Lita 150 zinageuka 97.3.

Kwa zile gesi zako, katika kila lita iliyobadilishwa hivyo ulitumia oksijeni lita 0.0339. Zidisha 97.3 unapata lita 3.30 kwa dakika. Gawa kwa kilo 58.

56.9.

Na ukirudia na 124.3 unapata 72.6 kamili kama karatasi yako. Mwizi amekamatwa na mkoba mkononi.

Nyar_Kisumo | saa 5:18 asubuhi

Na RER haikuguswa kwa sababu oksijeni na kaboni dioksidi zote zilizidishwa kwa ujazo uleule. Ndiyo maana karatasi ilionekana safi. Ile 60.1 nayo inakuwa 47, ambayo ni 202 kwa kilomita. Hongera, wewe si lori.

Kocha_Mstaafu | saa 6:02 mchana

56.9 na dakika 37. Hapo sasa namjua huyo kijana. Nimefundisha wengi kama yeye.

Mbio_za_Menengai | saa 7:15 mchana

Nimesoma mara tatu. Mwalimu asante sana, ningepata mwalimu kama wewe nisingesoma biashara. Lakini 1016 alitoa wapi? Hakuonekana mtu wa kudanganya. Nilimwona akiangalia simu akiandika.

Fundi_wa_Vipimo | saa 7:28 mchana

Simu ndiyo jibu. Programu za hali ya hewa hazikupi presha ya hapo ulipo. Zinaipandisha iwe kama ya usawa wa bahari, ndipo watabiri waweze kulinganisha mji na mji, la sivyo kila ramani ingeonyesha tu milima. Ukifungua simu Kisumu, Nakuru, Eldoret, zote zitakupa elfu moja na kumi na kitu. Mashine mpya nyingi zina barometa yao ndani, haziulizi. Hiyo aliyonayo bila shaka ni ya zamani, imenunuliwa mkono wa pili, inataka kuandikiwa.

Nimeona wengine wakikosea kwa njia ya pili: wanaweka presha sahihi ya Kisumu, wanapanda gari hadi Iten, wanasahau kubadilisha. Ukitoa ile 47 ya mvuke, ni 617 badala ya 520, karibu asilimia 19 ya bure. Halafu watu wanasema hewa ya Iten inaongeza VO2max palepale. Kwa kweli ukipanda inashuka, maana oksijeni inayofika kwenye damu ni chache.

Mashine_Takataka | saa 8:00 mchana

Si nilisema ni takataka.

Nyar_Kisumo | saa 8:11 mchana

Hukusema kitu, ulipita. Mashine ilipima pumzi vizuri na gesi vizuri. Aliyekosea ni kidole.

Na niongeze, kwa sababu hapa ndipo watu hubishana bure. Kuna kukosea kwa kuhama upande mmoja, na kuna kukosea kwa kuyumba. Mashine inayozidisha asilimia 4 kila siku, mwezi baada ya mwezi, mimi naichukua. Itaniambia kama mwanariadha wangu amepanda au ameshuka. Ninayoikimbia ni ile inayosema 55 Jumatatu na 61 Alhamisi kwa mtu yuleyule. Jinsi ya kuijua ni rahisi: mtu mmoja, kasi moja ya wastani, dakika sita, siku tofauti, asubuhi kabla ya chai. Mimi hujitumia mwenyewe. Namba zangu za kasi ya 10 kwa saa nazijua kama namba ya simu.

SaaJanja_254 | saa 9:40 alasiri

Swali la kweli sasa. Nimeona kuna zile ndogo za maski tu, hazina kijisanduku, na hazipimi kaboni dioksidi kabisa. VO2 Master ni mojawapo. Hizo vipi?

Mwalimu_Fizikia_Kakamega | saa 11:20 jioni

Swali zuri. Ujazo unaovuta na unaotoa haulingani sawasawa. Mashine kamili hutumia naitrojeni kama shahidi, kwa vile mwili hauigusi, na kwa hilo inahitaji kujua kaboni dioksidi. Isiyoijua lazima ikisie. Cosmed K2, mojawapo ya zile za mwanzo kubebwa, nayo haikuwa na kihisi hicho.

Nimejaribu kwenye karatasi, nikidhani kilichovutwa na kilichotolewa ni sawa. Mtu akikimbia taratibu, gesi 16.5 na 4.0, kisio kinapunguza kama asilimia 3. Akiwa anakata roho, 17.2 na 4.1, kinazidisha asilimia 2 na nusu. Si kubwa. Ila angalia inavyogeuka: chini inapunguza, juu inazidisha. Ukilinganisha mwanzo na mwisho wa jaribio moja utaona mteremko ambao haupo.

SaaJanja_254 | saa 11:34 jioni

Sawa. Bado naendelea na saa yangu lakini nitaacha kuitangaza.

Mbio_za_Menengai | Jumapili, saa 10:05 alasiri

Wakuu, marejesho.

Nilimpigia yule jamaa wa mashine. Mwanzo aliwaka, akasema mimi nataka kurudishiwa pesa. Nikamtumia hesabu ya Mwalimu neno kwa neno. Akanyamaza siku mbili. Ijumaa akanipigia akasema njoo, bure.

Leo asubuhi tumerudia, kiwanja kilekile. Ameazima barometa, ikasoma 811. Akaacha mashine ipate joto nusu saa kabla, jambo ambalo Jumamosi ile hakulifanya. Kwa 14 kwa saa nimepata 47.6. Mwisho 57.4. Nimemwambia mama nimeshuka pointi kumi na tano, ameniuliza kama nakula vizuri.

Sasa kuna shida nyingine. Mwezi huu amepima watu 11 hapa Nakuru, wote na 1016. Anawatafuta mmoja mmoja awape namba mpya, hilo nampongeza. Lakini mmoja ni kijana wa miaka 19 kutoka Njoro aliyepewa 84, na ameshaituma hiyo namba kwa meneja fulani wa nje. Jamaa ameniomba nimsaidie kuandika ujumbe wa kumwambia. Nimeandika mara nne nimefuta. Mngeandikaje?

Mwalimu_Fizikia_Kakamega | saa 10:30 alasiri

84 kwa kosa lilelile ni kama 66. Hiyo si haba kabisa kwa miaka 19 na kwa mwinuko huo. Anzeni na hapo.

Kocha_Mstaafu | saa 10:41 alasiri

Msimwandikie. Njoro ni karibu. Apande matatu aende akamwambie akiwa mbele yake, na abebe barometa.